Mashine ya Kukata Nyasi Nyumbani: Ya Kuangalia Kabla ya Kutoa Pesa

Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wakazi wa Ruiri, Wadi ya Ruiri/Rwarera, Buuri, Kaunti ya Meru



Mvua za Oktoba hadi Desemba zikinyesha vizuri, nyasi za bomani hazimngojei mtu. Wiki mbili tatu zikipita bila kufyekwa, njia ya kwenda chooni imezibwa, watoto wanafika shuleni na soksi zimelowa, na mama wa nyumba haendi zizini jioni bila tochi kwa kuhofia nyoka. Hapo ndipo wazo la kununua mashine linapoingia. Mwenye boma anakumbuka ile aliyoiona ikikata uwanja wa shule, anashuka Meru mjini au anaingia Isiolo, anaonyeshwa mashine mpya inayong'aa, analipa, anaifunga nyuma ya bodaboda na kurudi nayo. Inafanya kazi msimu mmoja, na majirani wanakuja kuiangalia. Mwezi wa Machi mvua ikirudi, mashine inavutwa kamba mpaka bega linauma, na haiwaki.

Pesa zilizonunua mashine hiyo mara nyingi ni za karo, za maziwa ya miezi kadhaa, au mkopo wa chama. Kwa hiyo inafaa kuzungumza kwa utaratibu kuhusu ni mashine gani inayodumu katika mazingira ya Ruiri, na ni nani hata haihitaji.

Swali la kwanza si la mashine, ni la nyasi zenyewe. Ni za kupendeza macho, au ni chakula cha mifugo? Katika boma lenye ng'ombe hata mmoja, jibu la swali hilo hubadilisha kila kitu kinachofuata dukani.

Ruiri iko upande wa Mlima Kenya usiopata mvua nyingi, na kadiri mtu anavyoteremka kuelekea Isiolo ndivyo nchi inavyozidi kukauka. Anayefuga anajua mwezi wa Februari ulivyo, na anajua bei ya robota la nyasi kavu kufikia Septemba. Nyasi ya Novemba kando ya ua, iwe ni ya kikuyu au ya porini, ni akiba. Mashine ya kusukuma inaikatakata vipande vidogo kama majani ya chai. Vipande hivyo vikirundikwa vikiwa vibichi hupata moto ndani kwa ndani, vikachacha na kuota ukungu, na rundo la namna hiyo halipaswi kupelekwa kwenye hori. Tena mashine haichagui: kama kando ya ua kuna lantana au olianda, majani yake huchanganyika na nyasi, na mimea hiyo miwili ni sumu kwa ng'ombe. Ile mashine ya kubeba begani inayokata kwa uzi wa nailoni ina ubaya wake pia, kwa sababu uzi hukatika vipandevipande na kubaki ndani ya nyasi. Hakuna mfugaji anayetaka kumlisha ng'ombe plastiki.

Kwa hiyo anayehitaji nyasi kwa ajili ya mifugo, na ana robo ekari au chini ya hapo, mundu na panga bado ni vifaa bora. Nyasi hulala chini zikiwa nzima, hukusanywa, hulishwa siku hiyo au huanikwa na kufungwa marobota. Afisa wa kilimo wa wadi anaweza kumwonyesha jinsi ya kutengeneza sanduku la mbao la kufungia marobota hayo. Kama kuna pesa ya kununua mashine, pengine inayofaa zaidi ni ile ya kukatakata lishe, yaani ya kupitishia nepia na mabua ya mahindi, wala si ya kukata uwanja. Wako wafugaji walionunua ya uwanja kwa sababu tu zote mbili huitwa "mashine ya kukata nyasi" na muuzaji hakuuliza swali la pili.

Anayebaki ni yule mwenye sehemu ya nyasi ambayo hailishwi: mbele ya nyumba, kando ya njia, kati ya miti ya matunda, au uwanja wa kanisa na zahanati. Huyo ndiye wa kuzungumza naye juu ya mashine.

Mashine hizi hazikuanza zamani sana. Ya kwanza iliundwa na Edwin Budding huko Stroud, Uingereza, mwaka 1830, akiiga mtambo wa kiwandani uliokuwa ukipunguza manyoya juu ya kitambaa cha sufu. Ilikuwa na visu vilivyojipinda kuzunguka kama pipa, na mtu aliisukuma kwa mikono. Iliundiwa nchi ya mvua ya rasharasha, udongo laini na nyasi nyembamba. Nyasi inayoota Ruiri ni nyingine. Nyasi za kikuyu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na zilipopelekwa Afrika Kusini, Australia na California ziliwashinda wenye bustani wengi: zinatambaa juu na chini ya udongo na kufuma mkeka mzito ambao kisu dhaifu hakipenyi. Mashine ya visu vya pipa bado inauzwa, haina injini, haili petroli, na kwa nyasi fupi zilizokatwa kila wiki inakata vizuri kuliko nyingine zote. Lakini nyasi za kikuyu zikishafika kwenye kifundo cha mguu, inateleza juu yake tu. Na jiwe moja likiingia kati ya visu, kisu kinapinda.

Mawe ndiyo jambo la pili la kufikiria. Ardhi ya sehemu hizi ni ya volkeno, na mvua ikipita mawe huibuka hata pale palipookotwa mwaka jana. Mashine ya kusukuma yenye injini ya petroli ina kisu kimoja kipana kinachozunguka chini ya kifuniko, mfano wa pangaboi. Kwenye uwanja ulio tambarare na usio na mawe ndiyo inayotoa kazi safi kwa haraka. Kikigonga jiwe lililokita, kisu huweza kusimama ghafla, na injini ikiwa bado inasukuma, mhimili wake hupinda. Mhimili uliopinda ni hasara kubwa; mara nyingi gharama ya kuubadilisha inakaribia bei ya injini nyingine. Kwa hiyo kabla ya kuchagua mashine ya aina hiyo, mwenye boma na atembee uwanjani miguu mitupu. Kama hawezi kutembea bila kuruka mawe, mashine haitaweza pia.

Kwa maboma mengi yenye mawe, miteremko, mitaro na miti, mashine ya begani ndiyo inayofaa. Inafika mahali magurudumu hayafiki. Kwenye mawe itumiwe na uzi wa nailoni, si kisu cha chuma, kwa kuwa chuma kikigonga jiwe hurusha kipande au humrudisha nyuma aliyeibeba. Kisu cha chuma ni cha nyasi ndefu na ngumu mahali palipo safi. Ubaya wa mashine hii ni kwamba haiachi uwanja ukiwa sawa kama zulia, na inachosha mgongo. Mzee wa miaka 70 asinunuliwe mashine ya begani na wanawe kama zawadi halafu iitwe msaada.

Sasa injini. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo itazungumzwa kirefu.

Injini ndogo za petroli ziko za aina mbili. Kuna zile zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli, na kuna zile zenye oili yake kando, kama gari. Mashine nyingi za begani ni za aina ya kwanza, na nyingi za kusukuma ni za aina ya pili, ingawa kuna za begani zenye oili kando, kwa mfano zinazotumia injini ndogo ya Honda GX35. Ya kuchanganya ni nyepesi na ina nguvu kwa uzito wake, lakini inategemea mkono wa anayechanganya. Kijitabu kikisema sehemu 25 kwa 1, maana yake lita moja ya petroli iwekewe mililita 40 za oili. Kikisema 50 kwa 1, ni mililita 20. Oili yenyewe iwe ile iliyotengenezewa injini za kuchanganya, si ya gari iliyobaki kwenye chupa. Anayekisia kwa kifuniko cha soda ataiua injini: oili ikipungua, pistoni hukwaruzwa na kukwama; ikizidi, plagi hufunikwa na masizi na moshi hujaa ua mzima. Sindano ya kumdungia ng'ombe dawa, ambayo haijatumiwa na haitarudishwa kwenye dawa tena, hupima mililita 20 vizuri kuliko macho ya fundi yeyote.

Ya oili kando haina shida ya vipimo, lakini ina yake. Mashine mpya nyingi husafirishwa bila oili ndani, na kijitabu kinasema hivyo kwenye ukurasa wa mwanzo ambao haufunguliwi. Mtu anatia petroli, anavuta kamba, inawaka, na dakika chache baadaye inanyamaza daima. Waranti haigusi kosa hilo.

Nguvu za injini nazo zisomwe kwa makini. Kijitabu cha Honda kinaeleza kwamba injini hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwenye mita 1,500, kiasi cha mwinuko wa mji wa Meru, hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya sita. Kwa hiyo mashine iliyoonekana ikikata vizuri Mombasa inaweza kulemewa huku na nyasi zile zile. Hata hivyo kuongeza nguvu kupita kiasi si dawa. Injini kubwa hunywa petroli zaidi, na bei ya petroli hutangazwa upya na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi; anayenunua leo apige hesabu ya mwaka mzima.

Kuna pia za umeme. Ya waya inamfaa mwenye uwanja mdogo karibu na nyumba, ila waya ukipita chini ya kisu ni hatari ya kufa. Ya betri ni kimya na haina kabureta ya kuziba, na kwa uwanja mdogo wa mbele ya nyumba ni chaguo zuri. Aulize tu kama betri ya kubadilisha inauzwa nchini peke yake, kwa sababu betri huchoka kabla ya mashine, na betri isiyopatikana huifanya mashine nzima kuwa chuma chakavu. Wenye jamaa ng'ambo waangalie jambo moja zaidi. Umeme wa Kenya ni volti 240. Wa Marekani ni 120. Mashine au chaja iliyotoka Marekani ikichomekwa ukutani hapa bila kifaa cha kupunguza umeme, huungua mara moja. Zawadi hiyo ikiwa bado haijatumwa, ni afadhali jamaa atume pesa.

Mnunuzi akishajua aina anayotaka, kazi ya dukani inakuwa rahisi, lakini asiifanye kwa haraka. Asikubali kuwashiwa mashine ambayo muuzaji ameshaipasha moto. Aguse injini, kama ni ya baridi, avute kamba mwenyewe. Ikizidi mara nne au tano bila kuwaka, aulize kwa nini. Kisha aulizie vipuri vinne kwa majina: plagi, chujio la hewa, kamba ya kuwashia na kisu au kichwa cha uzi. Si kuuliza kama "vinapatikana". Aombe aviwekewe juu ya kaunta avione. Duka linalouza mashine na halina hata chujio lake linauza mashine ya msimu mmoja. Jioni hiyo hiyo, kabla ya kulipa, apige simu kwa fundi wa karibu na nyumbani, yule anayetengeneza pampu za maji na pikipiki, amwulize kama ameshawahi kufungua injini ya namna hiyo. Mashine ya jina lisilo kubwa ambayo fundi wa Ruiri anaijua ina maisha marefu kuliko ya jina kubwa inayohitaji kupelekwa Nairobi kwa basi kila ikikohoa. Huo ni ushauri ambao wauzaji hawaupendi sana, lakini ndio unaookoa pesa.

Bidhaa nyingi zinazoingizwa nchini kuuzwa hutakiwa kuwa na stika ya Shirika la Viwango, KEBS, na zinazotengenezwa nchini huwa na alama ya ubora yenye nambari ya kibali. Nambari hiyo huthibitishwa kwa kutuma ujumbe mfupi, herufi SM kisha alama ya # na nambari, kwenda 20023. Inachukua muda mfupi, na ifanyike mtu akiwa bado dukani.

Risiti nayo ina kazi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka bidhaa ifanye, na akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, basi bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Lakini sheria hiyo hiyo ina mlango wa nyuma: mnunuzi akiagiza kitu kwa jina lake la kibiashara tu, ulinzi huo haupo. Kwa lugha ya dukani ni hivi. Akisema, "Nipe ile ya jina fulani," amejichagulia mwenyewe. Akisema, "Nina robo ekari ya nyasi za kikuyu, pana mteremko na mawe, nipe itakayofaa," jukumu limemwendea muuzaji. Maneno hayo yaandikwe kwenye risiti, hata kwa kalamu, pamoja na nambari ya injini, tarehe na muda wa waranti. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha pesa zimelipwa. Hauonyeshi zimelipiwa nini. Mzozo ukitokea na wasipoelewana, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Mtu anaweza kujisimamia bila wakili, lakini hawezi kujisimamia bila risiti.

Kuhusu mashine iliyokwisha tumika, si lazima iwe mbaya. Mnunuzi avue plagi na kuiangalia: rangi ya hudhurungi kavu ni dalili njema, nyeusi yenye mafuta si njema. Ageuze mashine ya kusukuma upande ambao muuzaji amekubali, waya wa plagi ukiwa umevuliwa, azungushe kisu polepole kwa fimbo. Ncha za kisu zikipanda na kushuka badala ya kupita mahali pamoja, kisu au mhimili umepinda. Kisu ni bei ndogo. Mhimili, kama ilivyosemwa, aache hapo hapo.

Hata mashine nzuri hufia stoo. Watu hulaumu kazi nyingi, wakati ukweli ni kwamba katika nchi ya misimu miwili ya mvua, mashine hukaa bure karibu nusu ya mwaka. Petroli iliyoachwa kwenye tangi na kabureta huanza kuharibika. Vijitabu vingi vya watengenezaji huonya kuhusu petroli iliyokaa zaidi ya siku 30. Huacha utomvu mwembamba unaoziba tundu la kabureta lililo dogo kuliko sindano. Hiyo ndiyo sababu ya ile mashine kutowaka Machi, na fundi huambiwa "imeharibika yenyewe". Mvua zikikaribia kwisha, petroli imwagwe kwenye kopo, ikatumiwe kwenye pikipiki kama haikuchanganywa na oili, kisha mashine iwashwe mpaka izime kwa kukosa mafuta. Chujio la hewa litolewe, kwa sababu vumbi la barabara za huku ni jembamba kama unga na hufunga chujio kwa siku chache tu. La sponji huoshwa kwa maji ya sabuni na kukaushwa. La karatasi hukung'utwa au kubadilishwa, lisioshwe. Chini ya kifuniko nyasi zilizoganda zikwanguliwe, maana hushika unyevu na kutoboa chuma. Baada ya hapo mashine iwekwe mahali pakavu, mbali na jiko na mbali na kuku.

Nyasi zenyewe pia zina namna yake. Kila ukataji usizidi theluthi moja ya urefu. Nyasi iliyonyolewa mpaka udongo unaonekana haitakuwa na kivuli jua likianza, na itaomba maji ambayo hayapo. Mradi wa maji haukuchimbwa kwa ajili ya loni. Kuelekea kiangazi iachwe kwenye sentimita tano hadi saba.

Usalama hauhitaji maneno mengi ila yote ni ya lazima. Anayekata na mashine ya begani hurusha mawe kwa kasi inayoweza kupofusha, na vijitabu vinataka watu wengine wakae mita 15 mbali naye. Mita 15 ni kama hatua 20 za mtu mzima, na watoto hupenda kuja kutazama. Miwani ya kukinga macho, buti, suruali nzito, kinga ya masikio. Kelele zinazozidi desibeli 85 huharibu masikio polepole zikisikizwa kwa saa nyingi, na mashine hizi huzidi hapo. Petroli isitiwe injini ikiwa moto. Na hakuna mkono unaoingia chini ya kisu, hata kwa sekunde, kabla ya waya wa plagi kuvuliwa. Nyasi zikikwama na kisu kikasogezwa kwa mkono, injini ya moto inaweza kushika yenyewe. Kwenye mteremko, mashine ya kusukuma ipite kwa kukata upande, si kupanda na kushuka, ili ikiteleza isimfuate aliyeishika.

Jambo la mwisho ni hesabu, ambayo ingeweza kuwa ya kwanza. Chukua mfano tu: mashine ya shilingi 36,000, na kijana anayekata uwanja kwa shilingi 600. Bei ya mashine ni sawa na kumlipa kijana mara 60. Nyasi zikikua miezi mitano kwa mwaka na kukatwa kila wiki mbili, ni kama mara kumi kwa mwaka. Hiyo ni miaka sita, kabla ya petroli, oili, plagi na fundi. Kila mmoja aweke bei zake halisi, lakini kwa boma dogo jibu mara nyingi ni kwamba kukodisha ni nafuu, au majirani wanne watano wanunue moja pamoja, mmoja akabidhiwe kuitunza na kuandika nani ameitumia lini.

Kwa kijana anayelipwa hizo 600 hesabu inageuka. Kwake mashine ya begani iliyo imara, iliyonunuliwa ghali kidogo na yenye vipuri, hurudisha pesa katika msimu mmoja au miwili akipata wateja wa kutosha, na wateja si maboma tu. Shule, zahanati na ofisi za umma hukatwa nyasi kila msimu. Sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu chini ya mpango wa AGPO. Biashara au kundi linatakiwa kuwa limesajiliwa, na asilimia 70 au zaidi ya umiliki wake iwe ya kundi husika. Cheti cha AGPO huombwa kwa mtandao na hakilipiwi chochote. Anayeombwa pesa ili asaidiwe kukipata asitoe.